Bibi Niliyemzua Nanganga

Nitasimulia, lakini tukifika pale penye kaburi mtu asinitazame usoni, maana mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto, na kama si Baba Yusta kuitangaza habari hii Mkunya nzima na nusu ya Newala (kwa chumvi zake mwenyewe) ningekufa nayo kifuani. Heri niiseme mimi, angalau niiseme ilivyokuwa.

Kwanza mnijue. Mimi Selemani niliacha shule darasa la tano, si kwa ujinga, ila siku moja lilipita gari la wachimba visima nikalifuata nikaone wanavyochimba, na nilipomaliza kuona (ilinichukua miezi minne) wenzangu walikuwa wameshapanda darasa, nami nikaona aibu kurudi. Toka hapo nikawa kiguu na njia. Nimebangua korosho Masasi, nimewapikia ugali mafundi wa barabara, nimefungua redio za watu na nyingine nimeweza kuzifunga tena, na mwisho nikawa fundi wa mashine za kupulizia mikorosho, kijiji hadi kijiji, na hakuna mahali nilipokaa mpaka wakanizoea.

Basi siku moja nikaitwa Mkunya kwa Mama Rehema, mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kumwamsha mtu aliyechomwa nusu kaputi. Mashine yake niliimaliza saa nne asubuhi, na saa kumi jioni bado nilikuwa uani kwake, nimechuchumaa kwenye mawaridi, namuuliza kwa nini hili lina miiba mingi kuliko lile, kwa nini lile linanukia asubuhi tu. Akanijibu yote, kisha akaniuliza yeye moja: "Na wewe mwanangu, kwenu wapi hasa?" Nikainama kukusanya spana zangu. Akasema, "Basi Alhamisi njoo, kikundi kinakutana hapa."

Kikundi chenyewe ni watu kumi na mmoja, Waislamu kwa Wakristo, wanaopanda mawaridi kwa namna ambayo mwanzoni niliona ni wazimu. Maji huku juu uwandani mnayajua yalivyo: ukimwagia ua maji ya kunywa mbele ya jirani, ua litabaki ila jirani hutakuwa naye. Kwa hiyo waridi la kikundi linakunywa maji yaliyokwisha kufanya kazi, ya kuoshea mchele, ya vyombo, ya miguu ya mgeni. Chakula chake ni mavi ya mbuzi na mabibo ya mikorosho yaliyooza shimoni mpaka yakawa udongo, na likipata wadudu linapigwa majivu na maji ya mwarobaini. Salfa ya mikorosho haivuki wigo wa Mama Rehema hata kwenye kiatu. Lakini sheria kubwa kuliko hizo ni kwamba waridi kwao halinunuliwi wala haliokotwi. Linaombwa. Kila mche umefungwa kibati kilichokatwa kwenye kopo, na juu yake limekwaruzwa kwa msumari jina la mtu aliyetoa kijiti: Mwajuma, Padri Mzee, Shemeji wa Chilangala. Mama Rehema anasema mche usio na jina la mtu ni yatima.

Nikakaa. Jamani, mimi nikakaa! Nikapanga chumba jirani na pale, nikajifunza kukata kijiti kimshazari chini ya jicho, kukichoma kwenye kipande cha muhogo mbichi ili kisikauke njiani, na Alhamisi ikawa siku niliyoingojea kuliko Idi.

Sasa nije kwenye uamuzi wangu mdogo ulioleta yote haya. Nilikuwa nimekwenda Nanganga kurekebisha mashine, na wakati wa kurudi nikakata njia katikati ya mikorosho, nikaibukia kwenye uwanja wa nyumba ya bati, na ubavuni mwa nyumba kuna kaburi la saruji lenye msalaba, na kichwani mwa kaburi limesimama waridi ambalo sijapata kuliona. Jeupe, ukingo wake mwekundu kama limelambwa na moto kidogo, na jambo kubwa zaidi, majani yake safi kabisa. Mnajua ubwiri unga, ule ugonjwa wa vumbi jeupe unaotutesa kwenye mikorosho? Mawaridi nayo yanaugua kitu kama hicho, na mwezi ule yetu yote ya Mkunya yalikuwa kama yamenyunyiziwa sembe. Hili lilikuwa linang'aa.

Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili, mlango umefungwa kwa kufuli. Ningekaa kwenye kizingiti nisubiri, lakini gari la Masasi lilikuwa linakaribia kupita, na kisu kilikuwa mfukoni. Nikajiambia, nimeshapiga hodi mbili, adabu imetimia. Nikakata vijiti vitatu, vizuri, kimshazari, nikavichoma kwenye muhogo, nikaondoka natembea kama mtu anayetoka kusali.

Vyote vitatu vikashika. Lilipotoa ua la kwanza kikundi kizima kilikuja kulizunguka, na Mama Rehema akachukua kibati na msumari. "Nani kakupa?"

Ulimi wangu ukatangulia. "Bibi mmoja wa Nanganga."

"Jina lake?"

Mbele yangu, kwenye wigo, palikuwa na mmea wa asumini. "Bibi Asumini," nikasema.

Basi hadithi ilikwishaanza. Mtu akiwa na jina anaanza kudai na mambo mengine. Wakaniuliza ana umri gani, nikampa themanini. Ana watoto? Wako Dar, hawaji. Anapenda nini? Ugoro. Baba Yusta, ambaye ni fundi seremala na bingwa wa kejeli, akasema bibi wa namna hiyo angefaa kuposwa na yeye mwenyewe, na kila nikitoka bondeni Nanganga ananiuliza mbele ya watu, "Mchumba wangu hajambo?" Nami najibu hajambo, anawasalimu. Mara mbili (hili naomba lisifike mbali) nilinunua karanga sokoni Masasi nikaja nazo kikundini nikasema zimetoka kwa Bibi Asumini. Wakazila wakamwombea dua.

Yangeishia hapo kama mwalimu mkuu wa shule ya jirani asingepita akaliona waridi lisilougua. Akaomba kikundi kimpe mtu wa kuwafundisha watoto kupanda mawaridi kwa maji machafu na mabibo, kila wiki, darasani kwanza kisha bustanini. Wakanichagua mimi. Mimi, wa darasa la tano, nisimame mbele ya ubao nikiwa na chaki, watoto waseme "Shikamoo mwalimu." Sikulala vizuri siku mbili kwa furaha. Siku ya tatu Mama Rehema akanikumbusha sheria ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa: waridi haligawiwi kwa wengi kabla aliyelitoa hajaendewa, akashukuriwa, akaombwa ruhusa.

"Jumamosi tunakwenda kwa Bibi Asumini," akasema.

Nikasema, "Mama, bibi anaumwa."

Hapo nilidhani nimeweka gogo barabarani, kumbe nimewasha moto. "Anaumwa na hukusema?" akafoka. "Mgonjwa anaachwa? Basi si Jumamosi, ni kesho!" Usiku ule niliwaza kumwua. Naam, kumwua Bibi Asumini, kwa neno moja tu, "amefariki," mambo yaishe. Kisha nikaona jinsi itakavyokuwa: watakuja wote kumi na mmoja na rambirambi, na Mama Rehema atauliza kaburi liko wapi. Nikamwacha hai.

Tukaondoka asubuhi na ukungu, watu sita kwenye kigari cha kukodi, na mapajani mwa Mama Rehema kuna doti ya kanga mpya, kilo mbili za sukari, mche wa waridi jekundu kwenye kopo, na (kwa ajili ya mgonjwa) kipimo chake cha presha. Tulipoteremka uwanda nikawa naomba pancha. Tukapita Masasi, nikawa naomba mvua. Baba Yusta ananigusa bega, "Mwalimu, mbona unatoka jasho kwenye baridi? Au unaona wivu naenda kuposa?" Wakacheka wote. Nami nikacheka, kicheko cha mbuzi aliyeona kisu.

Nanganga nikawaambia wangoje kidogo kwenye maduka nikamwandae mgonjwa, si vizuri kumwingilia ghafla. "Dakika kumi," akasema Mama Rehema akiangalia saa. Nilipopinda kona nikakimbia. Mpango wangu ulikuwa mmoja tu: bibi yeyote. Na kwa vile watataka kuliona shina la waridi, awe bibi wa karibu na lile kaburi.

Safari hii mlango ulikuwa wazi. Uwanjani, kwenye mkeka, kulikuwa na bibi mwembamba anamenya muhogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umemwibia nani?"

Naapa ndilo neno lake la kwanza. Nikapiga magoti, nikamweleza harakaharaka kwamba nina wageni wanakuja, watu wazuri wenye zawadi, na ninachoomba ni kwamba kwa nusu saa tu akubali kuitwa Bibi Asumini, hana haja ya kusema kitu, aitikie tu, na kama anaweza awe mgonjwa kidogo.

"Mgonjwa wa nini?"

"Hata mgongo."

"Mgongo ninao kweli. Na huyo Asumini kafanya nini?"

"Alinipa waridi, bibi. Jeupe, lenye ukingo mwekundu."

Kisu chake kikasimama kwenye muhogo. Hakunitazama. Upande wa pili wa uwanja, jirani, mama mmoja wa makamo alikuwa anatwanga kinuni.

"Vijiti vingapi?" akauliza.

"Vitatu."

Ningekuwa na akili ningekimbia hapo hapo, maana mtu asiyejua kitu anaulizaje idadi? Lakini mimi nilikuwa nahesabu dakika. Akafuta kisu kwenye kanga yake, akasema taratibu, "Waite." Halafu akasimama, akaelekea kwa yule anayetwanga, akapaza sauti. "Magreti! We Magreti! Njoo, kuna wageni." Mchi ukakatika. Yule mama alisimama ameushika juu, anamtazama bibi kama ameitwa na mtu aliyezikwa. Na majirani wawili watatu wakatokeza milangoni.

Wageni wakaja. Mama Rehema, ambaye sijapata kumwona akimpigia mtu goti, akapiga goti. "Bibi Asumini, shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Karibuni sana. Ndiyo mimi Asumini."

Nikapumua. Akawakaribisha mkekani, akauliza za Mkunya, za mvua, za korosho, kwa utulivu hadi nikaanza kumpenda. Baba Yusta akamwambia, "Bibi, karanga zako zilikuwa tamu." Bibi akanigeukia. "Nilituma karanga?"

"Mara mbili," nikasema.

"Loo, uzee."

Mama Rehema akamfunga kipimo mkononi, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Presha yako nzuri kuliko yangu."

"Mpime huyo kijana," bibi akasema.

Wakacheka, na kwa mzaha wakanifunga mimi. Mama Rehema akaangalia mshale, akafungua, akafunga tena. Hakucheka. "Selemani," akasema, "una nini?"

Sikupata nafasi ya kujibu, na namshukuru Mungu, maana bibi alishanyanyuka. "Mmekuja kushukuru na kuomba ruhusa, sivyo? Njooni niwaonyeshe nilipomkatia."

Tukamfuata kuzunguka nyumba, kikundi, Magreti na mchi wake mkononi, na majirani nyuma, sasa wamefika kama kumi. Nilikuwa naona msalaba, naona jina limeandikwa kwa rangi, Esta, ambalo siku ile ya kwanza nilikuwa nimeliona nikajifanya sikulisoma. Na kwenye shina, makovu matatu meusi, yamekatwa kimshazari.

"Selemani," bibi akasema (jina langu alilisikia kwa Mama Rehema), "waambie wenzako. Siku nilipokukatia, nilisimama wapi? Hapa, au pale?"

Mwaka mzima uongo ulikuwa unanijia wenyewe kama kuku walioona mtama. Siku hiyo nikafungua mdomo, hakutoka hata mmoja. Baba Yusta alikuwa ameacha kutabasamu.

"Basi nitasema mimi," bibi akaendelea. "Mimi siitwi Asumini, naitwa Agnesi. Huyu aliyelala hapa ni mwanangu. Waridi hili alilipanda dirishani kwake, na Mungu alipomchukua nikalihamishia hapa. Mwaka jana natoka shamba nakuta limekatwa. Vijiti vitatu, kwa kisu kikali, na mtu anayejua kazi. Na mche wa kaburini ukikatwa, mnajua sisi tunawaza nini. Siku ile aliyebaki huku alikuwa mdogo wangu peke yake, huyu Magreti, tumbo moja. Nikamwita mchawi mbele ya watu hawa hawa. Toka siku ile tunachota kisima kimoja na hatusalimiani." Akanigeukia. "Sasa kijana, nani alikata?"

Nilimtazama Mama Rehema. Nilijua nikisema nitapoteza shule, na kikundi, na Alhamisi, na kile chumba. Nitarudi barabarani na spana zangu. Nikajua pia kwamba nikisema "sijui" yule mama mwenye mchi ataendelea kuwa mchawi.

"Mimi," nikasema.

"Sisikii," akasema Magreti. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema. "Mimi nilisingiziwa kwa sauti. Nawe sema kwa sauti."

"Mimi ndiye niliyekata!"

"Geukia huku, kuna wazee wa nyumba ile hawajafika, wasikie."

Nikageuka, nikapaza tena mpaka mbwa wakabweka. Akanigeuza upande wa tatu. Nikapiga kelele shamba la korosho zima likasikia kwamba mimi Selemani, fundi wa mashine, ndiye mwizi wa kaburi, na kwamba bibi aliyenipa waridi nilimtunga kutoka kwenye wigo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Na karanga?" (Alikuwa Baba Yusta.) Nikakiri na karanga.

Magreti akaushusha mchi. Akamgeukia dada yake. "Dada," akasema, "mwaka mzima, kwa ajili ya hili likijana lenye presha?" Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akakaa chini pale pale kwenye saruji ya kaburi amejifunika uso. Bibi Agnesi akakaa kando yake. Akasema neno la Kimakua ambalo sikulielewa, na halikuwa langu kulielewa.

Mama Rehema alikwenda akachukua zile kanga akamwekea bibi mapajani. Bibi akaikunjua doti, akachukua kile kisu cha muhogo, akaikata katikati, kanga moja akajifunga, ya pili akamfunga mdogo wake begani mwenyewe.

Kisha akasema, "Ruhusa mliyoifuata si yangu kuitoa. Mwenye ua yuko hapa. Kijana, mwombe."

Mbele ya watu wote wale nikapiga magoti kwenye mchanga. Sikujua mtu anaanzaje. Nikaanza pale nilipokosea. "Hodi, Esta," nikasema.

Kimya. Nikasema mara ya pili. Kimya kile kile cha siku ile ya kufuli. Nikawa nimeinamisha kichwa, sijui nisimame au nifanye nini, na ndipo nyuma yangu, kwa sauti iliyochakaa kwa kulia, Magreti akaitikia.

"Karibu."

Tukarudi Mkunya. Shule sikuipata. Alikwenda Baba Yusta, ambaye mpaka leo anakata kijiti kama anapasua mbao, na mimi ndiye ninayembebea ndoo ya maji ya vyombo hadi langoni, watoto wanamwamkia yeye. Kikundini sikufukuzwa. Mama Rehema alikifungua kile kibati cha Bibi Asumini, akakata kipya, akanipa msumari. Nikakwaruza: Esta. Nikadhani nimemaliza. Akakigeuza, akasema, "Na upande wa pili."

Nikaandika: Selemani aliiba, kisha akaomba.

Tangu hapo kisu hakitembei nami. Nikiliona ua la mtu natia mikono mfukoni kwanza, ndipo napiga hodi, na hodi isipojibiwa nakaa kizingitini nangoja, hata gari linipite. Juzi Chilangala nilingoja mpaka magharibi kwa ajili ya kijiti kimoja, na mwenyewe aliporudi akaninyima. Nikamshukuru nikaondoka kwa miguu. Na kila Alhamisi, watu wakishatulia kwenye mikeka, Baba Yusta hukohoa kidogo na kuniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, mchumba wangu Bibi Asumini hajambo?" Nami nimehukumiwa kujibu. Hajambo, nasema. Anawasalimu.